Siku Gari Letu Liliponunuliwa Viatu

Wahenga walinena kwamba rahisi ni ghali. Msemo huu niliuimba tangu darasa la nne, nikautia katika insha zangu za mwisho wa muhula, na mwalimu akautilia alama ya vyema kwa kalamu nyekundu. Lakini kuujua msemo ni jambo moja na kuulipia ni jambo jingine. Mimi niliulipia mwezi wa Desemba mwaka 2023, mjini Voi, katika maduka ya matairi. Pesa zenyewe zilikuwa karo yangu.

Kwetu ni milimani, upande wa Wundanyi, kaunti ya Taita-Taveta. Tuna gari moja tu nyumbani, Peugeot 504 ya rangi ya maziwa ambayo babu aliinunua ikiwa tayari imetumika, naye baba akairithi pamoja na shamba la mboga. Wasioijua wakiiona hucheka. Boneti imeshika kutu, mlango wa nyuma wa kushoto hufunguka kwa ndani tu, na kiti cha dereva kimefunikwa gunia ili springi zisimchome baba. Lakini enzi za uhai wa babu, hungethubutu kuicheka mbele yake. Angekukalisha kitako akueleze jinsi 504 ilivyoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1975, ikarudia tena mwaka 1978, na jinsi yeye alivyoganda kando ya redio akisubiri matokeo. "Hilo si gari," angesema, "hilo ni punda aliyekwenda shule."

Basi siku ya Jumamosi, tarehe 2 Desemba 2023, punda wetu huyo alikaribia kutuua.

Tulikuwa tunateremka kwenda soko la Voi: baba kwenye usukani, mama kando yake, mimi na mdogo wangu wa kiume kiti cha nyuma, na buti imejaa kabichi hadi haifungi. Mwaka huo mvua za vuli zilinyesha kana kwamba mbingu zimetoboka. Barabara ya kutoka Wundanyi hadi Mwatate, kwa wasioifahamu, imejipinda kama nyoka aliyekanyagwa mkia: huku mlima, huku bonde. Tulipofika kwenye kona moja kali, baba akagusa breki. Aligusa tu. Mara nikahisi makalio ya gari yanataka kwenda mbele na uso unataka kubaki nyuma. Mama alipiga ukemi. Mlima ukapita dirishani, kisha bonde, kisha mlima tena. Gari liliposimama, lilikuwa linatazama tulikotoka, na gurudumu moja la nyuma lilikuwa hatua mbili kutoka kwenye ukingo. Chini ya ukingo ule kulikuwa na ukungu mtupu. Sikuona mwisho wake.

Kimya kikatanda kama cha maziarani. Mvua tu ndiyo iliyokuwa ikisema juu ya paa. Mama alifungua mlango, akashuka, akainama na kulipapasa tairi la nyuma kwa kiganja, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto aliyenyolewa. Kisha akasimama.

"Baba watoto," alisema taratibu, "hili gari linatembea miguu mitupu. Mimi silipandi tena mpaka livae viatu."

Akajifunga leso, akamshika mdogo wangu mkono, wakaanza kupanda mlima kwa miguu kurudi nyumbani. Sikuwahi kumwona baba akiwa mdogo vile.

Jioni mambo yaliwekwa mezani. Baba alikuwa na akiba ya shilingi 21,000. Kila mtu nyumbani alijua kwamba pesa zile zina jina, na jina lenyewe ni langu. Karo ya muhula wa kwanza ilikuwa 18,500, na zilizobaki zilikuwa za viatu na vitabu. Shule zilitarajiwa kufunguliwa tarehe 8 Januari 2024, nami nilikuwa naingia kidato cha tatu.

"Tutanunua taya mbili za mitumba," baba alisema. "Elfu tatu tatu. Zinabaki elfu kumi na tano za karo. Hizo kidogo nyingine nitazitafuta. Taya zitatusukuma mpaka mwezi wa nne, na huko mbele Mungu ni mkubwa."

Nami, kusema kweli, moyo wangu ulitulia. Elfu kumi na tano zilitosha kunifikisha langoni siku ya kwanza bila kurudishwa. Hapo sikufikiria tena ile kona.

Jumatatu baba alinituma mimi na mdogo wangu tulibingirishe tairi la akiba hadi kwa fundi wa pancha, kwani lilikuwa limeishiwa upepo. Fundi huyu ni mzee wa makamo aliyekaa katika kibanda chake cha mabati miaka mingi mpaka mikono yake imekuwa na rangi ya mpira. Alipomaliza kuziba, nilimweleza kwamba tunaenda Voi kununua matairi.

"Mtanunua ya namna gani?" aliniuliza.

"Yale meusi," nilimjibu kwa mzaha.

Hakucheka. Alichukua kitambaa chenye maji, akalifuta tairi ubavuni hadi maandishi yakatokeza. "Wewe si uko sekondari? Hebu nisomee hapa."

Nilisoma: 175 SR 14. Na chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba limetengenezwa Kenya. Fundi akatabasamu kwa masikitiko kidogo. Aliniambia kwamba zamani matairi mengi ya humu nchini yalitoka katika kiwanda kilichokuwa Nairobi, lakini kiwanda hicho kilisimamisha uzalishaji mwaka 2016. Sasa tunavaa ya kutoka ng'ambo, mapya kwa mitumba, na ndiyo maana ni lazima mtu ajue kusoma.

"Hiyo 175 ni upana wa taya kwa milimita," alisema. "S ni mwendo wa juu kabisa inaoweza kuhimili, kilomita 180 kwa saa. R ni radiali, yaani nyuzi za ndani zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili, hazipishani. Ile 14 ni rimu, inchi kumi na nne."

"Mbona tairi la gari la mwalimu wetu lina namba nyingine katikati, baada ya mkwaju?"

"Umeona eh! Hiyo ni kimo cha ubavu. Zamani kimo kilikuwa karibu kimoja tu, kama asilimia 80 ya ule upana, kwa hivyo hawakujisumbua kuiandika. Siku hizi kuna 80, kuna 70, kuna 65, kuna 60. Gari lenu mwambie muuzaji 175/80 R14. Halafu mbele yake utaona namba kama 88 na herufi kama T. Hiyo 88 maana yake taya moja inabeba kilo 560. T ni kilomita 190 kwa saa. Nyinyi mnabeba kabichi, msikubali namba iliyo chini ya hiyo."

Nilitoa daftari langu la fizikia nikaandika kwenye ukurasa wa mwisho. Nilidhani somo limekwisha, kumbe lile kubwa alikuwa amelibakiza.

"Na kabla baba yako hajatoa hata shilingi," alisema, "tafuta siku ya kuzaliwa."

"Siku ya kuzaliwa ya nani?"

"Ya taya! Ina siku ya kuzaliwa kama wewe. Tafuta herufi DOT. Ufuate hiyo mistari ya herufi na namba mpaka mwisho. Utakuta tarakimu nne zimezungushiwa duara la yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Hivyo ndivyo zinavyoandikwa tangu mwaka 2000. Ukiona tatu tu, hiyo ni ya karne iliyopita, kimbia. Na mara nyingi tarakimu hizo ziko ubavu mmoja pekee. Ukiona muuzaji ameulaza ubavu huo chini, ulaze yeye!"

Hapo mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini. Fundi akaendelea bila kucheka. Mpira, alieleza, huzeeka hata ukiwa umelala. Hewa, joto na jua huula polepole, yale mafuta yanayoulainisha hukauka, ukawa mgumu kama ngozi ya ngoma. Meno yanaweza kuwa marefu kabisa na tairi likawa ajuza. Likikutana na barabara yenye maji halishiki, na likipata joto katika safari ndefu laweza kupasuka. Wapo watengenezaji wakubwa wanaoshauri tairi litolewe likifikisha miaka kumi, hata kama macho yanaliona zima.

"Gari lote limesimama juu ya viganja vinne," alimaliza huku akininyoshea chake. "Kila taya inagusa barabara kwa sehemu kama hii tu. Mama yako, kaka yako, kabichi, wote mmeshikwa na viganja vinne. Sasa chagueni viganja."

Jumatano, tarehe 6 Desemba, jua liliwaka. Baba aliendesha polepole mpaka Voi, mimi kando yake na daftari langu mapajani. Mama alibaki nyumbani. Kiapo ni kiapo.

Duka la kwanza muuzaji alitupokea kwa bashasha kana kwamba sisi ni jamaa zake waliopotea. "Karibu mzee! Peugeot? Ninazo! Rimu ya 14, hii hapa." Alitutolea tairi jipya la bei nafuu. Nilisoma ubavuni: 175/65 R14. Nikamwambia baba kwa sauti ya chini kwamba hilo litaingia kwenye rimu lakini ni fupi. Muuzaji akasikia.

"Ufupi gani? Inchi 14 ni inchi 14!"

Basi nikafungua daftari nikafanya hesabu palepale, juu ya rundo la matairi. Ubavu wa tairi letu ni asilimia 80 ya milimita 175, yaani 140. Mbavu mbili, juu na chini, ni 280. Rimu ya inchi 14 ni milimita 355.6. Jumla kipenyo ni 635.6, na ukizidisha kwa pai unapata karibu mita mbili kwa kila mzunguko. Lile la 65 kipenyo chake ni milimita 583.1, na mzunguko wake ni mita 1.83 tu. Mita ya spidi ikisema 80, gari liko 73. Tena gari lote linashuka milimita 26, na barabara zetu za mawe mnazifahamu. Baba hakuwa ameishika hesabu yote, lakini ile ya kushuka aliielewa mara moja. Tuliondoka.

Duka la pili walituonyesha 185 R14C, matairi manene, yale yanayovaliwa na magari ya abiria na ya mizigo. Baba aliyapenda kweli. Aliyapiga teke, yakaitika kama ngoma. Lakini ile C, nilikumbuka, ni ya magari ya kazi nzito. Tairi la namna hiyo linataka upepo mwingi, na chini ya gari dogo kama letu, ambalo siku nyingi halina mzigo, lingekuwa gumu kama gogo, likiruka kila jiwe. Isitoshe, bei yake ilimfanya baba ayaage bila mimi kusema neno.

Duka la tatu ndilo lililokuwa na mtihani wangu.

Lilikuwa duka la mitumba. Matairi yalipangwa mpaka darini, yamepakwa dawa nyeusi yanang'aa kama viatu vya askari siku ya gwaride. Kijana mwenye duka alitutolea mawili, 175/80 R14, 88T. Kila nilichoandika daftarini kilikuwepo! Meno yake yalikuwa marefu, mifereji imekaa wazi, hakuna kiraka.

"Elfu tatu moja, mzee," alisema. "Hizi zimetoka nje juzi. Gari lake lilikuwa la kwenda kanisani tu."

Baba akacheka. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa bahasha. Naye kijana akaanza kuyalaza matairi chini, moja juu ya jingine, tayari kuyabingirisha hadi kwenye gari. Ni hapo nilipogundua kwamba ubavu ulioelekea juu una herufi DOT, lakini mwisho wake hauna tarakimu nne.

Nilipiga magoti, nikaliinua la juu kwa ukingo, nikachungulia chini yake. Lile duara la yai lilikuwepo. Ndani yake: 2109.

Msomaji mpenzi, nikuambie ukweli, kwa kuwa gazeti hili ni letu sote. Sikusema mara moja. Shetani alinikalia begani akaanza kunihesabia. Elfu ishirini na moja toa elfu sita ni elfu kumi na tano. Ukinyamaza, tarehe 8 Januari uko darasani na wenzako. Ukisema, utakaa nyumbani kupalilia kabichi. Tena nani atakulaumu? Mwenye gari ni baba, mwenye duka ni yule, na wewe ni mtoto wa kike uliyekuja kushika bahasha. Mate yalinikauka kinywani. Kisha nikauona tena ule ukungu chini ya ukingo, na mkono wa mama ukipapasa tairi.

"Baba," nikasema, "usilipe."

"Kuna nini tena?"

"Tairi hili ni la zamani. Limeandikwa."

Yule kijana alikuja juu kama moto wa kifuu. "Wewe dada unajua nini mambo ya taya? Hiyo ni namba ya kiwanda tu! Mzee, tangu lini watoto wanatufundisha kazi?"

Watu waliokuwa nje wakageuka. Uso wa baba ulibadilika. Sisi kwetu mtoto hamkatizi mzee mbele ya watu, nami nilijua nimevuka mpaka. "Nani amekuuliza?" alinikemea. Nikafyata mkia, machozi yakinilengalenga. Lakini hakuifungua bahasha. Alisimama vile kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Miwani yangu nimeiacha nyumbani. Isome tena."

"Mbili, moja, sufuri, tisa."

"Maana yake?"

"Wiki ya 21 ya mwaka 2009, baba. Lina miaka kumi na minne." Kisha nikaongeza, sijui kwa nini, "Ni rika la mdogo wangu."

Baba alichuchumaa. Alilishika lile tairi kwa mikono miwili, akalikandamiza kwa goti mpaka likajikunja. Katikati ya meno marefu yale, penye mifereji, nyufa ndogondogo zikafunguka moja baada ya nyingine, kama matope ya bwawa lililokauka. Akaliachia, zikajifunga. Akalikandamiza tena, zikafunguka tena. Alirudisha bahasha mfukoni.

"Mzee," kijana alisema akiwa amepoa, "watu wote hapa Voi wanavaa hizi hizi."

"Ndiyo, bwana," baba akamjibu bila hasira. "Lakini mimi siendeshi Voi. Mimi nashuka kutoka Wundanyi."

Duka la nne tulinunua mapya mawili, saizi yetu, yaliyozaliwa wiki ya 34 ya mwaka huohuo wa 2023. Muuzaji alianza na 8,500, baba akambembeleza mpaka 8,200. Yalikuwa 16,400. Vali mpya, kufunga na kubalansi zikala 800. Nilizihesabu zilizobaki kwenye bahasha: shilingi 3,800.

Hata kufunga kulikuwa na ubishi. Kijana wa jeki alitaka mapya yakae mbele, "kwa sababu mbele ndiko kwenye usukani." Hapo nilikumbuka neno jingine la fundi wetu. Ukinunua mawili tu, yaweke nyuma. Mbele pakiteleza, dereva huuhisi usukani ukiwa mwepesi, naye hupunguza mwendo. Mkia ukiteleza, hana la kushika. Baba hakuhitaji maelezo marefu. Alikuwa ameuona mkia huo kwa macho yake. Mwezi wa Oktoba yeye mwenyewe alikuwa ameyahamishia mbele yale mawili yenye nafuu na kuacha vipara nyuma, akidhani anatuokoa.

Tulirudi kimya. Tulipofika Mwatate alisimamisha gari, akaninunulia hindi la kuchoma. Tulikula tukitazama milima iliyo mbele yetu.

"Unajua umekalia nini leo?" aliniuliza.

"Sijui, baba."

"Umekalia karo yako."

Tukacheka wote wawili. Halafu yeye akanyamaza kabla yangu.

Tarehe 8 Januari 2024 shule zilifunguliwa. Nilisimama kando ya barabara nikawatazama wenzangu wakipita na masanduku, na sitasema kwamba nilifurahi. Niliingia shuleni tarehe 22, baada ya baba kuuza beberu mmoja na kabichi za wiki mbili. Sura ya kwanza ya fizikia ilikuwa imekwisha. Nilinakili maandishi ya rafiki yangu usiku kwa usiku, lakini katika jaribio la kwanza nilipata alama 41. Na sura yenyewe ilihusu nini? Mwendo! Mimi niliyepiga hesabu ya mwendo wa gari juu ya rundo la matairi mjini Voi, mwendo ukanishinda darasani. Mwalimu wangu wa fizikia akisoma ukurasa huu sasa atajua kisa chake.

Matairi mawili ya mbele tuliyanunua mwezi wa Aprili mwaka 2024. Ule mwaka mnaukumbuka: mvua za masika zilileta mafuriko nchini hata ufunguzi wa shule ukaahirishwa hadi tarehe 13 Mei. Siku moja katika mvua hiyo tuliteremka tena, sote wanne, na buti imejaa. Tulipoikaribia ile kona hakuna aliyesema neno. Baba akapunguza mwendo mapema, akagusa breki. Nilisikia maji yakirushwa kando na mifereji ya matairi, shhh, na gari likapinda kona kama mtu mzima anayepinda kuingia nyumbani kwake. Mama, ambaye alikuwa amelikamata gunia la kiti cha baba kwa mikono miwili, akaliachia.

"Mh," alisema. Basi.

Katika maktaba yetu nilisoma kwamba mtu aliyeleta tairi la upepo likaanza kutumika sana, John Boyd Dunlop, alikuwa daktari wa mifugo mjini Belfast, na kwamba alilibuni kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, akalipatia hataza mwaka 1888. Nilipoyasoma hayo nilimfikiria baba amechuchumaa pale dukani bila miwani, akizifungua nyufa kwa goti lake.

Wenzangu, wengi wetu kwetu kuna gari kuukuu, au pikipiki, au matatu tunayoipanda kuja shuleni. Siku wazee wakienda kununua matairi, fuataneni nao. Soma saizi, soma uzito, soma siku ya kuzaliwa, pande zote mbili. Lipinde ulione katikati ya meno. Tazama vile vituta vidogo vya mpira vilivyo ndani ya mifereji. Meno yakichakaa hadi usawa wake, yamebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Wazee wetu wanajua mengi tusiyoyajua, ila maandishi yale ni madogo na miwani huachwa nyumbani. Ukiona, sema, hata kama sauti itatetemeka kama yangu.

Kipara kimoja kati ya vile viwili tulikitundika kwenye mparachichi, kikawa bembea ya watoto wa jirani. Lile tairi la akiba lililotengenezwa Kenya baba amekataa kulitupa. Mdogo wangu naye, kila akinikasirikia, mimi humwita 2109.

Kalamu naiweka chini.